Chumba cha Jiwe Jekundu

Daktari hakuinua macho alipouliza. "Mama, sigara ulianza lini?"

Mke wa Timazi alikuwa bado anafunga vifungo vya blauzi yake. Alidhani swali ni la mtu mwingine, akageuka kutazama mlango, kisha akamtazama mumewe.

"Mimi?"

"Ndiyo, wewe."

"Sijawahi kuvuta sigara, daktari."

"Tumbaku ya kunusa? Ya kutafuna?"

"Wala."

Daktari alikuwa kijana, na benchi la nje lilikuwa limejaa watu wanaokohoa. Akaiweka kalamu chini kwa subira ya mtu aliyekwisha kuwaona wengi. "Hapa hatumsemi mtu, mama. Uvimbe wa pafu wa namna hii mara nyingi tunauona kwa wavutaji. Wanawake wengine huona haya kusema mbele ya waume zao. Ukitaka, mzee atoke kidogo."

"Asitoke. Akae asikie. Sivuti."

"Sawa," akasema daktari, ile sawa ya mtu asiyetaka ubishi, na kalamu ikaendelea na safari yake.

Timazi alikuwa ameketi pembeni, kofia yake gotini. Alikuwa mwashi, na jina hilo alilipata ujanani kwa sababu ukuta wake haukuwahi kupinda. Mafundi wenzake walisema hahitaji kamba wala kipimo, timazi, ile kamba yenye uzito wa kunyooshea ukuta, anayo machoni. Jina la nyumbani kwao lilikuwa limesahaulika hata na yeye mwenyewe. Katika chumba kile cha daktari alitazama mikono yake, ngozi ngumu kama gamba.

Walirudi kwa miguu wakipanda mtelemko polepole. Kila walipofika kwenye ukuta mfupi, mkewe aliketi kuvuta pumzi. Kuta zote hizo alizijenga Timazi. Kwenye ukuta wa tatu au wa nne, akashindwa kujizuia.

"Hivi," akaanza, akitazama barabara, "zamani, kabla hatujaoana, kule kwenu..."

Hakumalizia. Mkewe aligeuza kichwa kwa utaratibu, akamtazama kama anayemtambua mtu aliyepotea siku nyingi.

"Tumelala kitanda kimoja mpaka tumeota mvi. Ningekuwa navuta, pua yako ilikuwa wapi?"

Timazi akacheka, akidhani ni utani. Mkewe hakucheka. Akainuka, akatangulia.

Timazi alimlaza mkewe chumba cha nyuma, kwa sababu ndicho kilichokuwa kizuri kuliko vyote. Nyumba yenyewe ilikuwa imechimbiwa kidogo mgongoni mwa kilima, na chumba hicho kilikuwa baridi hata jua likiwa la utosi. Mawe yake yalikuwa mekundu. Machimbo ya kilimani yalitoa zaidi mawe ya kijivu, na yale mekundu yalipatikana kwenye mshipa mmoja tu, upande wa juu. Timazi alipokuwa bwana harusi mtarajiwa aliyachagua moja moja, akiyalowesha maji ili aone rangi yao halisi, akiyatupa yenye doa. Sakafu aliijaza kifusi cha mawe hayohayo. Kuta nyingine za nyumba zilikuwa za kulala na kuamka. Chumba kile kilikuwa zawadi ya bibi harusi.

Sasa mgonjwa alikuwa anakohoa, na barabara mbele ya nyumba ilikuwa ya vumbi. Timazi akachana shuka kuukuu, akaziba pembe zote za dirisha. Tundu la hewa lililokuwa juu ya mlango akalifunika kwa ubao. Akasimama katikati ya chumba, akasikiliza, akaridhika. Hata magari ya mawe yatokayo machimboni hayakusikika tena.

"Vumbi halitakugusa humu," akamwambia.

"Hewa nayo je?"

"Si hii hapa? Unavuta nini sasa?"

Siku zilezile alikuja binti kutoka chuo kikuu, mtaalamu wa mambo ya mionzi, amevaa viatu vya kazi vilivyomshinda ukubwa. Alikuwa anapima nyumba zilizojengwa kwa mawe ya kilima kile. Mradi habari ilikuwa ya mawe, Timazi alimkaribisha. Binti akatundika kikopo kidogo cha plastiki sebuleni, kingine jikoni, kingine chumba cha nyuma, kichwani mwa kitanda.

"Hiki ndicho kitakacholihoji jiwe?" akauliza Timazi.

"Ndicho, baba."

"Basi likianza kuropoka, uniambie limesema nini."

Hata mgonjwa alicheka siku hiyo.

Binti aliporudi na majibu, wiki nyingi zilikuwa zimepita, na hakuleta mzaha. Aliketi ukingoni mwa kiti, akaomba na mama awepo. Mkewe akaja akijishika ukutani.

"Kila jiwe lina mionzi kidogo," binti akasema. "Ni ya asili, imo tangu dunia iumbwe, na mawe mengi hayana neno. Lakini jiwe la kilima hiki, hasa lile jekundu, lina madini ya urani kuliko kawaida. Madini hayo yanachakaa polepole, na yanapochakaa yanatoa gesi. Inaitwa radoni. Haina harufu, haina rangi. Ikitokea nje, upepo unaichukua. Ikitokea ndani ya chumba kilichofungwa, inajikusanya. Mtu anaivuta usiku na mchana, na inaumiza mapafu."

"Sebuleni imekuwaje?" akauliza mke.

"Imezidi kidogo."

"Na chumbani?"

Binti alitazama shuka zilizoshindiliwa dirishani kupitia mlango uliokuwa wazi. "Chumbani, mama, sijawahi kupima nyumba iliyofikia pale."

Timazi alisimama. Akatembea mpaka ukutani, akaweka kiganja juu ya jiwe, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Lilikuwa baridi, laini, lilelile.

"Jiwe hili," akasema, "nimelikata, nimelibeba begani, nimekula vumbi lake. Mbona mimi sikohoi?"

"Si kila mtu anaugua, baba. Na wewe ulikuwa kazini mchana kutwa, kwenye upepo. Mama alikuwa ndani."

"Akifanya nini ndani?" akadakia, ingawa jibu alilijua. Alikuwa ndani akimpikia, akimfulia, akimlelea watoto ambao sasa wameshaoa na kuolewa mbali.

Binti akaeleza la kufanya: mama ahame chumba leo hii, madirisha yafunguliwe, kuta zitobolewe matundu ya hewa chini na juu, nyufa za sakafu zizibwe. Haikuwa kazi ya kumshinda mwashi. Binti alipokwenda, mke alianza kuondoa shuka dirishani kwa mikono isiyo na nguvu. Timazi alimsaidia, lakini kwa unyonge, kama anayetii amri asiyoikubali. Kitanda kikahamishiwa sebuleni. Ukuta hakuutoboa. Kila asubuhi alisema kesho.

Habari haikukaa. Nusu ya nyumba za mtelemko ule zilikuwa za jiwe lile, na karibu zote zilipita mikononi mwa Timazi. Wapangaji wakaanza kuuliza maswali. Wanawake wakawa wanaanika magodoro nje kana kwamba ni kunguni. Ndipo alipokuja mtu waliyemwita Bwana Vyumba, mwenye safu ndefu ya vyumba vya kupangisha chini ya mtelemko. Aliingia na mfuko wa matunda ya mgonjwa, akampa pole, kisha akamvuta Timazi barazani.

"Kesho kuna mkutano," akasema. "Yule binti atasimama na karatasi zake. Watu wakitishika watahama, na hakuna atakayenunua wala kupanga hapa tena. Nyumba zetu zitageuka makaburi ya kusimama."

"Mimi nifanye nini?"

"Wewe sema neno moja tu. Akisema yeye, watu wana wasiwasi. Ukisema wewe, wamelala. Nani hapa anajua mawe kuliko wewe? Au unataka waseme Timazi ametujengea sumu?"

Maneno hayo ya mwisho yaliingia mahali pake.

Mkutano ulifanyika katika darasa la shule ya msingi. Watu wazima walibanana kwenye madawati ya watoto, magoti yamepanda karibu na videvu, na wenye miili mikubwa walisimama ukutani. Binti wa chuo alieleza taratibu. Alirudia mara kadhaa kwamba hakuna haja ya kubomoa nyumba, kwamba matundu ya hewa yangesaidia sana. Lakini watu walikwishasikia neno mionzi, na baada ya hapo kila mmoja alisikia lake.

Timazi akapewa nafasi. Akasimama, akasema mababu zao walikaa kwenye mapango ya jiwe hilohilo, na kwamba yeye ameligusa maisha yake yote. Watu wakaanza kupumua. Wengine wakatabasamu. Angeketi hapo, mambo yangeisha.

Lakini fundi cherehani mmoja, mwanamke asiyejua kuzunguka maneno, akauliza kutoka nyuma: "Sasa fundi, mkeo anaumwa nini? Si mapafu? Na si humo ndani anamolala?"

Darasa zima likageuka. Timazi aliona nyuso zile, watu aliowajengea, waliomlipa na waliomkopa, waliompa heshima yake barabarani kila asubuhi. Aliona mdomo wa Bwana Vyumba umefunguka kidogo. Aliona na binti wa chuo akimtazama kwa matumaini, kama anayemsubiri mtu avuke mto.

"Daktari mwenyewe," akasema, "alipomwona tu, alimuuliza sigara alianza lini."

Hakusema kwamba mkewe anavuta. Alisema kile alichouliza daktari, na hilo lilikuwa kweli tupu. Lakini darasani ilipita sauti ndefu, "Aaa," watu wakatazamana, na ile hofu iliyokuwa imewakaa kifuani ikapata pa kwenda. Mtu mmoja akacheka kwa kuguna. Mwingine akasema, "Kumbe." Binti wa chuo akainamisha kichwa, akaanza kukusanya karatasi zake.

Timazi aliketi. Dawati lilikuwa dogo, goti likagonga chini ya ubao, na maumivu yale yakampa kitu cha kufikiria.

Kesho yake alimkuta mkewe ameketi kitandani sebuleni, na mapajani ana kikaratasi cha pipi.

"Leo nimeletewa zawadi," akasema.

"Na nani?"

"Jirani. Pipi za mnanaa. Ameniambia hamu ikinishika, nimumunye moja. Mjomba wake aliacha kwa njia hiyo." Akakohoa, akangoja kikohozi kipite. "Ameniambia pia nisione haya, kila mtu ana lake."

Timazi alibaki mlangoni.

"Ulisema nini kule?"

"Nilisema daktari aliuliza."

"Aliuliza, kweli. Na mimi nilijibu nini?"

Timazi alishika mwimo wa mlango.

"Nakuuliza, mume wangu. Ulikuwepo, ulikuwa na kofia yako gotini. Nilijibu nini?"

"Ulisema huvuti."

"Na hilo uliwaambia?"

Nje gari la mawe lilipita likitingisha vikombe kabatini. Timazi alitazama vikombe mpaka vilipotulia.

"Afadhali ungenifahamisha mapema kwamba navuta," akasema mkewe. "Ningejifunza hata kushika kiberiti." Alitaka iwe mzaha, lakini mzaha haukufika. Akafuta macho kwa ncha ya shuka. "Mpigie mdogo wangu simu. Aje anichukue."

"Utakaa vipi kwake? Nyumba ya mbao, mvua inapita."

"Na hewa inapita."

Shemeji alikuja kabla ya jua kuzama, na gari la kukodi. Alifungasha nguo za dada yake bila kumsalimu mtu. Timazi alipotaka kubeba begi, alilitoa mkononi mwake kwa upole uliouma kuliko kunyang'anywa.

Alipobaki peke yake, alichukua nyundo na tindo, akaingia chumba cha nyuma. Alidhani ingekuwa kazi ya asubuhi moja. Lakini alikuwa amejenga vizuri. Kila jiwe lilimshika mwenzake kwa meno, na kila pigo lilirudi mpaka begani. Alitoboa chini, akatoboa juu, akalipanua dirisha mpaka likawa karibu mlango. Upepo ulipopenya mara ya kwanza uliinua vumbi lote la ujenzi na kumpofusha. Akaketi juu ya kifusi, akalia kwa sauti, kwa kuwa hapakuwa na mtu.

Binti wa chuo alikuja kupima upya alipoitwa, ingawa hakuwa na deni naye. Kipimo kilishuka sana. Timazi akavaa shati safi, akaenda kwa shemeji mbio mbio kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

Shemeji alimweka barazani kwenye ndoo iliyopinduliwa, akamsubirisha. Mkewe alipotolewa nje kwa kushikwa mkono, Timazi alishtuka kuona alivyopungua.

"Chumba sasa kizuri," akamwambia. "Binti amepima. Rudi nyumbani."

"Umetoboa mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Mkewe akamshika mkono, akaukagua, akaona malengelenge. Kwa kitambo alikuwa mke wake wa siku zote. "Pole," akasema. Kisha akauachia. "Chumba kimepona. Mimi nirudi mtaa ule nikiwa nani?"

"Nitawaambia."

"Waambie palepale uliposemea. Kwa sauti ileile. Usiende kumnong'oneza mtu mmoja mmoja."

"Nitawaambia, mke wangu. Nakuahidi."

Na alikuwa na nia. Alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, akaomba mkutano. Mwenyekiti akasema sawa, lakini darasa lina mitihani. Bwana Vyumba akamjia akimsihi asubiri kidogo, kuna mnunuzi anakaribia kukubali. Timazi akasubiri. Alijiambia anasubiri mitihani. Kila alipotoka asubuhi na watu wakampa heshima yake, aliipokea, na kila alipoipokea, kusema kulizidi kuwa kugumu. Alikwenda kumwona mkewe akampelekea uji na maneno ya wiki ijayo. Mkewe hakuuliza tena. Hilo ndilo alilokuja kulikumbuka zaidi: kwamba aliacha kuuliza, na kwamba yeye alishukuru.

Simu ya shemeji ilikuja asubuhi, akiwa ananawa uso. Haikuwa ndefu.

Walikuja watu wengi kumzika. Walikuja waliopanga na waliojenga, na fundi cherehani, na jirani wa pipi aliyelia kuliko wote. Watoto walikuja kutoka mbali na mizigo yao, wakasimama kando ya baba yao wakiwa hawajui kitu. Udongo ulipokwisha kurudishwa, Timazi alisikia nyuma yake mzee mmoja akimwambia mwenzake kwa huruma ya kweli: "Sigara si kitu cha kuchezea."

Akageuka. Kofia ilimwanguka.

"Mke wangu hakuvuta sigara," akasema. Sauti ilitoka nyembamba. Akakaza. "Hakuvuta hata siku moja. Daktari aliuliza, naye akakataa, nami nikawaficha. Niliogopa kwa ajili ya mawe yangu. Niliwadanganya ninyi nyote."

Halafu mwanamke mmoja akaanza kulia upya, na watu wakatikisa vichwa, na Bwana Vyumba akaja akamwekea mkono begani. "Pole sana, Timazi. Uchungu wa mke si mchezo. Njoo uketi."

"Sisemi uchungu. Nasema kweli."

"Tunajua, tunajua. Njoo uketi, ndugu yangu."

Wakamketisha. Wakampa maji. Alitazama nyuso zao moja baada ya nyingine, na zote zilikuwa zinamhurumia, na hapakuwa na hata moja iliyomwamini. Walimwona mume mwema anayemsitiri marehemu wake. Mwanawe wa kike alikuwa amemshika mkono, na mkono ule ukawa unalegea kidogo kidogo, maana yeye peke yake alikuwa ameanza kuelewa.

Shemeji alipita mbele yake akielekea garini. Akasimama.

"Siku ile," akasema, "wanasema ulisikika mpaka nje ya darasa."

Akaenda zake.

Baadaye Timazi alimtafuta binti wa chuo na kumuuliza lile lililobaki. Ni jiwe lililomuua, au si jiwe? Binti aliweka karatasi zake chini. Angeweza kumhurumia kwa namna yoyote kati ya mbili.

"Siwezi kujua, baba. Huenda. Kipimo kinasema hatari ilikuwapo. Hakisemi ni nani iliyempata."

"Na kama nisingeziba dirisha?"

"Baba," akasema, "nenda kawatobolee walio hai."

Akaanza kubisha milango. Wengi walimkaribisha chai, wakamsikiliza, wakasema watamwita. Wengine walimwona kwa mbali wakafunga. Bwana Vyumba alimkataza kugusa vyumba vyake. Lakini siku moja, akiwa ameketi chini ya mtelemko na zana zake, mpangaji mmoja wa vyumba vile, mwanamke kijana mwenye mtoto mgongoni, alimwita kutoka mlangoni. Chumba chake kilikuwa cha mwisho katika safu, chenye ukuta wa nyuma wa jiwe jekundu, na mwenye nyumba alikuwa safarini.

"Nasikia unatoboa bure," akasema.

"Bure."

"Mkeo kweli hakuvuta?"

"Hakuvuta."

"Lakini nilikuwepo darasani. Wewe ndiye uliyesema."

"Ni mimi," akasema Timazi.

Yule mwanamke alimtazama muda, akimpima. Hakusema pole. Hakumwambia kwamba ni uchungu. Usoni mwake kulikuwa na chuki kidogo, na Timazi aliipokea, maana ndiyo aliyokuwa akiitafuta nyumba kwa nyumba.

"Haya, ingia," akasema. "Kitanda cha mtoto kiko pale. Anzia hapo."